Vidole Vitatu vya Kimo

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya msimu wa pamba kule Lalago ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto hadi leo, na mimi sasa ni mzee mwenye wajukuu. Nilidhani nimeshaizika. Wiki hii fundi mmoja kijana, wa hapa hapa Bariadi, ameifukua, na ndiyo maana unaniona nimekunja uso hivi. Kaa hapo unisikilize, wewe unayejifunza ufundi kwangu. Nina hasira, na sitajifanya sina.

Kijana huyo jina lake nalisitiri, maana mama yake anauza mchele sokoni na sitaki mama wa watu anyooshewe vidole. Alimfungia shokapu mpya Mwalimu Rehema. Huyu mwalimu ni mtu wa Tanga, kahamishiwa huku kwetu kufundisha, na nyonga yake ya kulia ni mbovu. Ukimwona anatembea hatua tatu tu utajua. Shokapu za zamani zilikuwa zimekufa, gari lake dogo linadunda kama mpira. Dukani akapata zile za kurekebisha kimo, ambazo nyinyi vijana mnaziita koilova: mwili wake una hesi kama bolti nene, springi imeuzunguka, na chini ya springi kuna ringi mbili. Ukizungusha ringi kwenda juu, gari linapanda. Ukizirudisha chini, linashuka. Kisha ringi ya pili unaikaza dhidi ya ile ya kwanza ili isijifungue. Kitu kizuri sana hicho. Enzi zetu tungekipata tungekilaza kitandani, sisi tukalala chini.

Mwalimu alimwambia fundi neno moja tu: "Nataka kimo kile kile cha mwanzo." Kijana wetu akaitikia, "Sawa, mama." Akapandisha gari kwenye jeki, magurudumu yananing'inia. Akashusha ringi zote mpaka chini, kwa sababu gari likiinama linapendeza machoni pake. Akahesabu hesi huku, akahesabu hesi kule, zikalingana, akaridhika. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya chini, akazikaza gari likiwa bado hewani. Futi ya kupimia hakuigusa. Akalishusha, akalipiga picha na simu yake, akamkabidhi mwalimu ufunguo.

Mwalimu akaingia kwenye gari kama mtu anayetumbukia. Alipofika shuleni hakuweza kutoka. Nyonga imebana, kiti kiko chini, hana pa kujiinulia, wanafunzi wawili wakamshika mikono kumvuta huku wenzao wanachungulia madirishani. Alipompigia simu fundi, unajua alijibiwa nini? "Mama, hivyo ndivyo gari linavyotakiwa kukaa. Utazoea."

Utazoea! Yaani mtu mzima mwenye nyonga mbovu, kalipa, kaeleza anachotaka kwa Kiswahili safi cha Tanga, halafu azoee! Niliposimuliwa hilo nikaweka spana chini. Na sikukasirika kwa ajili ya mwalimu peke yake. Neno hilo nililijua. Nimewahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikimpelekea mtu ambaye sikuwa na haki hata ya kumwangalia usoni.

Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi katika gereji ya Fundi Ngasa, mzee mkali, mfupi, mwenye mikono kama koleo. Nilikuwa nimemchumbia Kabula, binti wa Mzee Shija wa Lalago. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshakubaliwa, bado sherehe tu. Mzee Shija alikuwa na pikapu ya kubebea pamba, na kila ikipata tatizo ililetwa Bariadi kwangu. Hapo mimi nilijiona nimefika. Nilitengeneza gari la baba mkwe kwa madaha, kama vile ninalichonga.

Na kulikuwa na mama mkwe. Sasa sikiliza vizuri, maana nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na mama wakwe mkiwa mmewakumbatia. Sisi hapana. Mimi na Mama Kabula hatukushikana mikono. Hatukukaa benchi moja. Nikimwona anakuja njiani, nilikaa pembeni nikainamisha uso mpaka apite, na salamu nilimpa nikiwa nimeangalia majani. Yeye naye vivyo hivyo. Akiwa na shida na mimi, hawezi kuniambia. Nikiwa na swali kwake, siwezi kumuuliza. Sisemi ilikuwa mbaya. Heshima ile ilizuia mengi. Lakini ilihitaji mtu mwenye macho, na mimi macho yangu yote yalikuwa chini ya gari.

Mama Kabula alikuwa na goti lisilokunja. Miaka ya nyuma alikanyagwa na ng'ombe wa kulimia, goti likapona limenyooka kama mpini. Hilo kila mtu Lalago alilijua. Mimi pia nililijua. Na kila Jumapili baada ya ibada, Mzee Shija alimpeleka Nyalikungu, pale Maswa mjini, kumwona mama yake mzazi, bibi kizee ambaye macho yalikuwa yameshamwisha. Bibi huyo alikuwa akimtambua mwanawe kwa kumpapasa uso. Ilikuwa ndiyo siku yake ya kuoga, kusukwa nywele na kula akishiba, kwa sababu binti yake amekuja.

Basi siku hiyo pikapu ililetwa kubadilishwa bushi za mbele. Kazi hiyo tu. Nikaimaliza mapema, na hapo ndipo kiherehere kikanipanda.

Pikapu zile mbele hazikuwa na springi. Zilikuwa na chuma kirefu cha duara, kimelala chini ya gari kuelekea nyuma, ambacho hujisokota gari linapobonyea na kujisokotoa linapoinuka. Tulikiita toshen. Kule mwisho wake kuna bolti moja ndefu kila upande. Ukiikaza, pua ya gari inapanda. Ukiilegeza, inashuka. Kwa hiyo hizi koilova zenu msidhani mmevumbua nyinyi kupandisha na kushusha gari.

Nikawaza, baba mkwe anapita kwenye makorongo, ngoja nimpe zawadi. Hakuniomba. Hakuna aliyeniomba. Nikapiga jeki, nikakaza bolti ya kushoto, nikakaza ya kulia kwa idadi ile ile, nikashusha gari, nikalisukuma mbele na nyuma ili likae, nikapima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, nikarekebisha tena. Lilipanda vidole vitatu, pande zote sawasawa. Mwanangu, kazi ilikuwa safi. Ndilo linaloniuma hadi kesho. Ningekuwa nimekosea bolti ningesema ni ujana. Sikukosea bolti hata moja.

Mzee Shija alipokuja kulichukua alilizunguka mara mbili, akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Mabula! Umelifanya gari langu fahali! Tazama lilivyoinua pembe!"

Akaenda kulionyesha kwenye kituo cha kununulia pamba. Akalipakia magunia nyuma, pua ikazidi kutazama mbingu, watu wakamsifia. Mimi usiku nililala nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Mkwe amefurahi, unataka nini tena?

Baada ya wiki moja nilikutana na Kabula hapa mjini, kaja kununua vitenge vya harusi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama anasema gari limekuwa refu."

Nilikuwa natafuna muwa. Nikatema makapi, nikamjibu, "Mwambie atazoea."

Hivyo tu. Hata sikusimama. Nikaendelea kumweleza habari za suti yangu.

Jumapili iliyofuata nikaenda Lalago kusalimia ukweni. Nilifika ibada inakwisha, nikajiunga na vijana wenzangu kwenye uzio wa kanisa, tunaangalia watu wanatoka. Pikapu ya baba mkwe ilikuwa uwanjani, imeinua pua, na mimi nasubiri mtu aniulize nani kaipandisha. Mzee Shija akatoka, akaingia upande wake, akawasha moto. Kisha akaja Mama Kabula, na mkononi kabeba kigoda.

Kigoda cha jikoni, mwanangu, kile cha kukalia ukisonga ugali. Kilikuwa kimetobolewa tundu na kufungwa kamba. Akakiweka chini kwenye mlango wa pikapu. Akashika chuma cha mlangoni. Akaweka mguu mzima juu ya kigoda, akajinyanyua, ule mguu wa mpini ukabaki nje unatafuta pa kuingilia, gauni la kanisani likapanda, akalishusha haraka kwa mkono mmoja, akayumba, akashika tena. Mwisho akaketi. Halafu akavuta kamba, kigoda kikapanda kikigonga bodi la gari, ko, ko, ko, mpaka ndani.

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu mama anavua samaki."

Na mimi nikacheka.

Nilicheka, mwanangu. Nilimcheka mama wa mwanamke ninayekwenda kumuoa, katika uwanja wa kanisa, kwa shida niliyompa mimi. Nilipogeuka nikamwona Kabula amesimama karibu na ukuta na Biblia yake kifuani, ananitazama. Akageuka akaenda zake.

Wiki tatu zikapita bila salamu yoyote kutoka kwake. Siku moja asubuhi akaingia gereji, vumbi miguuni, kashuka kwenye lori la pamba. Fundi Ngasa alikuwa amelala chini ya gari fulani, miguu tu inaonekana. Nikamkaribisha Kabula kwa bashasha, nikamtafutia pa kukaa. Hakukaa.

"Mama hajaenda Nyalikungu," akasema. "Jumapili ya tatu sasa. Anasema mguu unauma. Siyo mguu. Watu wanamcheka."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Bibi ametuma mtu. Anauliza kama mwanawe amekufa na sisi tunamficha. Amekataa kula. Anasema atakula akipapasa uso." Akapangusa vumbi usoni. "Mama amemwambia baba mdogo kwamba ng'ombe wenu warudishwe; baba bado hajui. Hataki kunipeleka kwa mtu asiyeona."

"Lakini, Kabula, hakuniambia!"

"Alikuambia. Alinituma mimi. Ulisema atazoea, na mimi kwa ujinga wangu nikamfikishia hivyo hivyo."

Ile miguu chini ya gari ikaacha kutikisika. Fundi Ngasa akajiburuta nje, uso una oili, akakaa palepale chini akinitazama. Nilimwogopa kuliko askari.

"Limepanda kiasi gani?" akauliza.

"Vidole vitatu tu, fundi."

"Tu?"

Akainuka. Akaenda kwenye kona, akarudi na ubao na vipande vya mpira wa tyubu, tuliokuwa tukifungia mizigo. Akaniambia ninyooshe mguu wa kushoto. Akaubandika ubao nyuma ya goti, akaufunga kwa ile mipira, juu na chini, akakaza mpaka damu ikasimama. Nje kulikuwa na pikapu ya mteja mwingine, ndefu kama ile ya baba mkwe.

"Panda."

Nikajaribu. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nabeba injini na mwenzangu mmoja. Nikaweka mguu mzima, nikajivuta, ule wa ubao ukagonga mlango nikarudi chini. Nikajaribu tena, nikaanguka kwa matako. Watu wa maduka ya jirani wakasogea. Akina mama wauza nyanya wakasogea. Mmoja akapaza sauti, "Panda, ngosha! Mwanamume gani wewe? Au tukuletee ngazi?" Mara ya tatu nikapanda nikiwa nimelalia kiti kwa tumbo, miguu nje, Kabula anaona yote.

Fundi Ngasa akaja karibu na sikio langu. Hakupaza sauti.

"Utazoea," akasema.

Akanifungua ule ubao akiwa bado ananong'ona kwa hasira. "Mama wa watu goti halikunji. Alikuwa anapanda gari la mumewe mwenyewe, bila kushikwa, bila kuchekwa. Alikuwa amebakiwa na vidole vitatu tu vya kujinyanyulia, ng'wanawane, mwanangu. Ukaenda ukavichukua, ukampa mumewe vya kuringia. Nani alikutuma?"

Nikasema nitakwenda kushusha. Akasema, "Gari ni la Mzee Shija. Utamwomba yeye, na utamwambia sababu." Kisha akanirushia ubao na mipira ile niende navyo. Wakati huo sikuelewa kwa nini.

Nilielewa nilipofika Lalago. Nilimkuta Mzee Shija uani kwake, pikapu iko chini ya jua imeinua pembe zake, majirani wawili watatu wapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mabula. Habari za Bariadi?"

"Nzuri, baba. Nimekuja kulishusha gari kidogo mbele."

Uso wake ukabadilika. "Kulishusha? Nani kalalamika?"

Hapo sasa. Ungemjibuje? Nimtaje mama mkwe, niutaje mguu wake, mbele ya majirani, mimi mkwe? Heri ningekatwa ulimi. Nikabaki nimesimama na mfuko wa spana, jasho linatiririka, mzee ananisubiri na hasira inampanda. Anaona kijana amekuja kumnyang'anya fahali wake bila sababu.

Nikakaa chini palepale uani. Nikatoa ubao, nikaufunga nyuma ya goti langu kwa mipira ya tyubu, nikaukaza. Nikainuka, nikachechemea hadi mlango wa abiria, nikaanza kupanda.

Nikaanguka. Majirani wakacheka. Nikainuka, nikaanguka tena, kiwiko kikachubuka. Wakacheka zaidi, mmoja akauliza kama nimekunywa. Mzee Shija hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka Mama Kabula. Nikainamisha uso haraka, kwa hiyo niliona miguu yake tu, mmoja ukitembea na mwingine ukiburuzwa. Akaja hadi ubavuni mwa pikapu, akaweka kitu chini, akarudi alikotoka. Kilikuwa kigoda, kamba imezungushwa juu yake.

Kicheko kikakatika.

Mzee Shija akakitazama kwa muda. Akamwita binti yake. "Kabula, hii kamba ya nini?"

"Ya kukivutia ndani, baba. Mama akishapanda."

"Tangu lini anapandia kigoda?"

"Tangu gari lilipopandishwa."

"Mbona mimi sijawahi kuona?"

Kabula aliangalia chini. "Unakuwa umeshakaa kwenye usukani, baba. Unaangalia mbele."

Yule mzee alivua kofia yake, akaivaa tena. Nilimwonea huruma, mwanangu, na nilijionea aibu, kwa sababu kosa lake lilikuwa dogo na langu ndilo lililolizaa. Mwisho akasema neno moja: "Shusha."

Nikafungua ubao, nikapiga jeki. Nikalegeza bolti ya kulia, nikalegeza ya kushoto. Nikashusha gari, nikawaomba majirani walisukume mbele na nyuma, nikapima kwa kijiti nilichokuwa nimekatia alama ya kimo cha zamani. Kushoto kulikuwa juu kidogo. Nikarudia. Nikapima tena. Vidole vitatu vyote vikarudi mahali pake. Halafu nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nilimwambia Kabula amwombe mama aje ajaribu, na mimi nikazunguka upande wa pili wa pikapu, nikaipa mgongo, nikatazama shamba la pamba.

Nilisikia hatua zake. Moja, na ule mburuzo. Nikasikia chuma cha mlango kikishikwa. Nikasikia springi za kiti. Nilikuwa nimefumba macho, mwanangu, nimekaza meno, naomba Mungu kama mtu anayesubiri hukumu.

Kisha nikasikia mlango ukifungwa. Paa! Kwa nguvu, kama mtu anavyofunga mlango wa gari lake mwenyewe. Nililia palepale, na majirani wakaona, na sikujali.

Haikuwa hata Jumapili. Mzee Shija aliwasha moto, akasema twendeni Nyalikungu. Mimi nikapanda nyuma kwenye bodi, mahali pa mkwe. Tulipofika, Mama Kabula alishuka mwenyewe, bila kushikwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, kakonda, nywele zimesimama. Akaisikia ile hatua yenye mburuzo kabla ya mtu kusema, akainua mikono yote miwili hewani kuutafuta uso.

Ng'ombe hawakurudishwa. Kabula ndiye huyo unayemwona pale anachambua mchele. Lakini siku ya harusi mama mkwe alituma zawadi kwa mkono wa shangazi mtu, imefungwa kwenye kanga mpya. Nikaifungua mbele ya watu wote. Kilikuwa kile kigoda, na kamba yake. Na ujumbe: "Mwambieni akikalie akiwa kazini. Atakizoea."

Ndicho hiki nilichokikalia.

Sasa ndio uelewe hasira yangu. Mimi nilipandisha, yule kijana kashusha, na wote wawili tulifanya ujinga ule ule. Mwalimu Rehema alipofika kwangu Jumatatu, sikuanza na jeki. Nilimkalisha kwanza kwenye kiti cha jikoni, nikaweka tofali, nikaondoa tofali, nikamuuliza kila mara nyonga inasemaje, mpaka tukapata kimo anachoinuka mwenyewe. Nikakipima kutoka chini. Ndipo nikaenda kwenye gari. Nilizungusha zile ringi za koilova kidogo kidogo, sikuvuka ile alama ya mwisho wa hesi. Nikalishusha kwenye sakafu iliyonyooka, nikalizungusha mtaa mzima ili likae, nikapima pembe zote nne kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, yeye mwenyewe akiwa ndani kwenye kiti chake, maana gari tupu na gari lenye mwenyewe hayaketi sawa. Bolti za bushi nilizilegeza zote, nikazikaza upya gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Zilikuwa zimeanza kukatika mpira, kwa wiki moja tu! Nikakaza ringi za kufungia. Nikamtuma akapime alaimenti, magurudumu yaelekee sawa. Siku nzima ilikwisha, na mwalimu alishuka kwenye gari akaniambia, "Hapo hapo, fundi." Akatembea zake.

Kijana yule nimemwita aje Jumamosi. Ubao ninao. Mipira ya tyubu ninayo. Lile gari lake mwenyewe alilolishusha mpaka linasugua lami tutalitumia kwa mazoezi, nitamfunga nyonga badala ya goti, na wauza nyanya nimeshawaarifu.

Wewe, mwanangu, usisubiri kufungwa ubao. Kabla hujagusa ringi, muulize mwenye gari atakaa nani humo na ana mwili gani. Kama yupo asiyeweza kukuambia, kwa heshima au kwa woga au kwa unyonge, mtafute mtu wa kumuulizia, na jibu likija lisikilize ukiwa umesimama, siyo huku unatafuna muwa. Mteja akisema kimo kile kile, ni kile kile. Pima gari likiwa chini, limebeba wenyewe. Usimpe mtu zawadi asiyokuomba ukaikata kwenye mwili wa mwingine. Na neno lile, utazoea, lifute kinywani mwako kabisa. Likikujia, meza mate.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na macho yanayoinuka kutoka chini ya gari. Akupe mwenzi atakayekutazama vile alivyonitazama Kabula siku ile kanisani, uone aibu mapema. Na mama wa watu wote, kokote watakakopita katika Simiyu hii, wapande na kushuka wenyewe, na wafunge mlango kwa nguvu, paa, na wewe uwe umesimama upande wa pili unasikia.

Haya, inuka. Nipe mkono, mimi mwenyewe goti siku hizi linasumbua, na hiki kigoda ni kifupi.